Maziwa ya Ng'ombe Asiyebeua

Kiwanda cha maziwa kilipotangaza kwamba ng'ombe wa wafugaji wake wameanza kulishwa unga wa kupunguza mbweu, kilitarajia kupigiwa makofi. Kilipigiwa simu.

Simu hizo zilipokelewa ghorofa ya kwanza, kwenye chumba chenye meza tatu, feni iliyogoma kugeuza shingo upande wa kulia, na dirisha linalotazama pale magari ya tangi yanapooshwa. Meza ya katikati alikaa mwanamke wa miaka thelathini na minne ambaye kiwanda kizima kilimwita Redio. Jina halikutoka hewani. Akimsikia mtu mara moja tu kwenye simu, anamwiga mpaka kikohozi. Kushoto kwake alikaa kaka mmoja mnene mwenye kicheko cha kutikisa vikombe, na kulia dada aliyekuwa akipaka rangi kucha moja kati ya simu na simu, hivi kwamba ukizihesabu kucha zake unajua siku ilikuwa na shughuli kiasi gani. Hao wawili ndio waliokuwa watazamaji wa Redio, na ndio waliomharibu.

Jambo lenyewe, kwa aliyetaka kulielewa, halikuwa gumu. Ng'ombe akicheua anabeua, na katika ile mbweu hutoka gesi iitwayo methani, moja ya gesi zinazoipasha dunia joto. Unga ule, robo kijiko kwa ng'ombe kwa siku, ulichanganywa kwenye chakula ili tumbo litengeneze gesi kidogo. Meneja aliyasema hayo mbele ya wanahabari akiwa amevaa tai ya kijani aliyoinunulia shughuli hiyo. Lakini miezi minne mizima kabla ya siku hiyo ng'ombe walikuwa wameshakula, watu wameshakunywa, na hakuna aliyeambiwa kitu. Kesho yake picha ya ng'ombe mwenye macho mekundu ikaanza kuzunguka kwenye simu za watu, chini yake pameandikwa: "Wameanza na huyu. Zamu yako inakuja." Nani aliitengeneza, hakuna aliyejua. Nani aliiamini, hilo Redio alilijua vizuri, maana wote walimpigia yeye.

Mzee mmoja alisema sauti yake imekuwa nyembamba tangu mwezi uliopita. Mama mmoja alisema mumewe hana hamu.

"Hamu ya kula, mama?" Redio alimuuliza kwa upole wa kuigiza.

"Ya kila kitu," mama akajibu, na kaka mnene akalala juu ya meza kwa kicheko.

Bingwa wao alikuwa bwana mmoja wa sauti nzito, aliyefikiri jambo hilo kwa siku nyingi na kulifikisha mwisho. Kama ng'ombe habeui tena, alisema, basi gesi imebaki ndani. Na kama imebaki ndani, itatoka wapi zaidi ya kwenye chuchu? Ndiyo maana maziwa yake yanatoa povu anapoyachemsha.

"Maziwa yanatoa povu yakichemka, bwana," Redio alimwambia. "Yalitoa povu hata enzi za babu yako."

"Hilo siyo povu la babu yangu," bwana akasema, akakata simu.

Kwa wote hao jibu lilikuwa moja. Liliandikwa na idara ya mauzo, likabandikwa kwa gundi juu ya kila meza, nao waliliita karatasi ya majibu ingawa lilikuwa na jibu moja tu: "Ndugu mteja, afya yako ndiyo furaha yetu. Maziwa yetu ni salama kwa mujibu wa viwango vyote. Endelea kufurahia ladha." Redio alilisoma kwa sauti yake ya ofisini, tamu, inayoteleza, sauti ambayo nyumbani kwake hakuna aliyewahi kuisikia. Na simu ikiwa na dalili ya kuchekesha, alibonyeza kitufe cha spika ili wenzake wasikose uhondo.

Jioni uhondo uliobaki aliubeba nyumbani. Mezani alimwiga bwana wa povu, akamwiga mke wa asiye na hamu, na mume wake, fundi rangi ambaye alirudi kila siku na madoa mapya kwenye masikio, alicheka mpaka akapaliwa. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa amehamia kwao tangu astaafu, miezi minane iliyopita, baada ya kupika jikoni kwa hospitali miaka ishirini na minane. Ndiye aliyeshinda na mjukuu wake wa miaka mitatu na ndiye aliyempikia uji. Mkwe wake akianza kuiga watu, yeye aliinuka polepole akakusanya sahani, hata ambazo bado zilikuwa na chakula.

"Mama, mbona siku hizi unakunywa chai kavu, bila maziwa?" Redio alimuuliza jioni moja.

"Kiungulia," mama mkwe akajibu.

Redio hakuuliza tena. Mtu wa umri ule na kiungulia, ni kitu gani cha kushangaza?

Jumatano moja ilikuwa Redio aende semina ya siku nzima, ya kufundishwa namna ya kutabasamu kwenye simu. Aliaga nyumbani hivyo. Alipofika kazini akakuta mwalimu wa semina amepata udhuru, akarudi kwenye meza yake. Saa nne na kitu simu ikalia, namba asiyoijua. Ilikuwa sauti ya bibi, yenye tahadhari, inayotamka kila neno kama anayeshuka ngazi. Bibi ni mali safi. Redio akabonyeza spika, akawakonyeza wenzake.

"Habari za kazi, mwanangu," sauti ikajaa chumbani. "Mimi ni mteja wenu tu, jina halina haja. Nina maswali matatu. Nimeyaandika ili nisikupotezee muda."

Kaka mnene akainua vidole vitatu, mashavu yakiwa yameshavimba. Redio hakumwangalia. Mkono wake ulikuwa umebaki juu ya kile kitufe, kwa sababu sauti ile ilikuwa imemwambia "umeamkaje" asubuhi hiyohiyo.

"La kwanza," mama mkwe akasema. "Huo unga ukishaingia kwenye tumbo la ng'ombe, unafika kwenye maziwa au haufiki? La pili, nani aliyepima, na amepima mara ngapi? La tatu, kama hauna neno, kwa nini hamkuuandika kwenye pakiti?"

Redio akaigeukia karatasi ya majibu. "Ndugu mteja," akasoma, sauti ikiteleza yenyewe, "afya yako ndiyo furaha yetu. Maziwa yetu ni salama kwa mujibu wa viwango vyote. Endelea kufurahia ladha."

"Hilo umelisoma," mama mkwe akasema. "Mimi nimeuliza matatu."

Kaka mnene hakuweza tena. Kicheko kikamtoka, na dada wa kucha akafuata kwa kile cha puani.

"Kuna harusi hapo?" mama mkwe akauliza.

"Hapana, mama. Ni... ni watu wanapita." Redio akatafuta njia ya kuimaliza simu ile, na ile aliyoishika ilikuwa mbaya kuliko zote. "Nyumbani huna mtu wa kumuuliza mambo haya?"

"Ninaye. Mkwe wangu anafanya kazi hapohapo kwenu, tena kwenye hizohizo simu. Leo yuko semina, ndiyo maana nimepiga." Mama mkwe akapumua. "Ni mtoto mzuri, nisimsingizie. Ananitunza. Lakini anacheka watu. Jioni anakuja na watu waliopiga simu, anawatandaza mezani mmoja mmoja, anawafanyia sauti. Mwanangu anakufa kwa kicheko. Mimi nakaa pale nafikiri, siku nikiuliza mimi, atanifanyia sauti gani? Sasa nampikia mtoto wake uji, na sijui ninatia nini. Hilo tu."

"Redio!" kaka mnene akanong'ona, machozi ya kicheko yakimtiririka. "Huyo mkwe ni nani? Ni nani hapa? Tumpate leoleo!"

Redio akazima spika. Alichelewa, lakini aliizima.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, ya ofisini bado, maana nyingine aliogopa kuitumia. "Maswali yako yote matatu, jibu silijui. Nitalitafuta. Nikupigie kesho saa hizihizi?"

Mama mkwe akakubali. "Unipigie kwa namba hii. Ni ya jirani, nitakuwa hapa kwake." Kisha akaongeza, "Ahsante kwa kusema hujui. Ulipokuwa unasoma, nilidhani naongea na mashine."

Mchana ule Redio alishuka maabara, mahali ambapo kwa miaka sita hakuwahi kukanyaga. Mpimaji wa maziwa alikuwa mwembamba wa kutia huruma, amevaa koti jeupe na mabuti ya mpira, akipanga chupa kwenye friji. Redio alipomsomea maswali matatu aliyoyaandika nyuma ya bahasha, yule bwana alifunga friji, akamtazama kama mtu aliyemwona mgeni akitokea ukutani.

"Ng'ombe wanakula huo unga mwezi wa tano sasa," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kutoka huko juu kuja kuniuliza. Wa kwanza! Wamekuja kuuliza kama koti langu ni safi, siku ya wanahabari. Keti."

Redio akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa.

Mpimaji alimweleza bila kumzungusha. Kwa maandishi ya waliotengeneza unga, ukifika tumboni unavunjikavunjika, kwenye maziwa haufiki. Wakaguzi wa serikali waliyasoma majaribio hayo, wakaridhika, wakaruhusu. Yeye mwenyewe hapa anapima mafuta, anapima kama mtu ametia maji, anapima dawa za kutibu ng'ombe. Mashine ya kuutafuta unga huu hana. Mwanzoni kabisa walituma chupa kwenye maabara kubwa, majibu yakarudi ukurasa mmoja: haukuonekana.

"Mara moja?"

"Mara moja. Mimi niliomba iwe kila mwezi." Akavuta faili, akampa barua. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: Ya nini?

"Kwa hiyo ni salama?"

"Ukiniuliza mimi, nakunywa. Hofu yangu siyo unga, ni hii kalamu nyekundu."

Swali la tatu lilikuwa la ghorofa ya pili. Meneja alimpokea vizuri, kwa kuwa alimpenda Redio kama watu wanavyompenda anayewachekesha. Ofisi yake ilikuwa na zulia, na juu ya kabati pakiti za maziwa za kila saizi zimepangwa kama familia iliyopigwa picha.

"Kuandika kwenye pakiti?" akasema. "Tukiandika si watadhani kuna kitu?"

"Wameshadhani, bosi. Wanapiga simu siku nzima."

"Hao? Hao hawahitaji majibu. Wanahitaji muda, wachoke. Leo unga, kesho watashikwa na jambo jingine." Akaegemea kiti chake, uso ukachangamka. "Hebu nifanyie yule wa povu."

Baadaye Redio alijiuliza mara nyingi kwa nini hakukataa. Mdomo wake ulifunguka tu, na bwana wa povu akatoka, mzima, na sauti yake nzito na fikra zake zilizofika mwisho. Meneja akacheka mpaka akalegeza tai. Redio akateremka ngazi akiwa hana jibu la tatu. Mdomoni alikuwa na ladha ya sauti ya mtu ambaye, alipomfikiria vizuri, alikuwa tu ameuliza gesi imekwenda wapi.

Kesho yake saa nne alipiga. Hakubonyeza spika, na alipofungua mdomo hakutumia sauti tamu.

"Mama, shikamoo. Ni mimi."

Kwa upande wa pili palisikika maji ya bomba la jirani yakijaa ndoo, yakapanda, yakafungwa.

"Marahaba," mama mkwe akasema. "Na jana?"

"Na jana nilikuwa mimi. Semina iliahirishwa."

"Waliokuwa wanacheka?"

"Wenzangu."

"Na wewe ulicheka?"

Redio alitamani kusema hapana, na kwa simu ile hapana ilikuwa kweli. Lakini alimjua aliyekuwa akimuuliza. "Yako sikucheka. Za wengine nilicheka zote."

"Haya," mama mkwe akasema. "Nisomee majibu."

Akamsomea: la kwanza, la pili pamoja na ile mara moja na ile kalamu nyekundu, na la tatu kama meneja alivyolisema, neno kwa neno, ila bila kumwiga.

"Tutadhani kuna kitu!" mama mkwe akasema, na sauti yake ikapanda kama Redio asivyowahi kuisikia ikipanda. "Miaka ishirini na minane nimewapikia wagonjwa. Kila kopo lililoingia jikoni kwangu nililigeuza nikalisoma. Chumvi imeandikwa. Maji yameandikwa, maji! Sijaona mgonjwa aliyeruka dirishani kwa sababu amesoma neno chumvi. Huyo bosi wenu anatuona sisi ni nani?"

"Basi unga wenyewe, mama..."

"Unga wenyewe nimekuelewa. Ng'ombe amekula, tumbo lake limeumaliza. Sina ugomvi na ng'ombe. Nina ugomvi na ninyi. Mtu mwenye kitu kizuri hukificha miezi minne halafu akavaa tai?"

"Na mtoto?"

"Mtoto ana wazazi. Sasa unajua ninachokijua, mwambie mwenzako, mwamue. Mimi nitapika mtakachosema."

Jioni ile mume wake, ambaye hakuwa na habari yoyote, alivuta kiti, akapangusa mikono, akauliza leo wamepiga akina nani. Redio akasema hakuna. Ndipo mama mkwe, ambaye hakuwa ameinuka kukusanya sahani, akakohoa kidogo, akanyoosha shingo, akalegeza midomo.

"Ndugu mteja," akasema, tamu, akiteleza, "afya yako ndiyo furaha yetu."

Ilikuwa sauti yenyewe. Ilikuwa na ule mvuto wa mwisho wa neno, na ile pumzi ndogo ya bandia baada ya "mteja", ambayo Redio mwenyewe hakujua kwamba anaitoa. Mume akamtazama mama yake, akamtazama mkewe, akaelewa hata kabla ya kuambiwa, akaanza kucheka kwa kujizuia, kisha bila kujizuia, akakamata meza. Mtoto akacheka kwa kuwa baba anacheka. Mama mkwe akamaliza karatasi yote mpaka ladha, hakuruka neno. Redio alikaa masikio yakimwaka, akitafuta mahali pa kuweka mikono, na kwa mara ya kwanza maishani akajua jinsi inavyokuwa kutandazwa mezani.

Watu hawakuchoka kama meneja alivyowapangia. Walinunua kwingine. Magari ya tangi yalianza kurudi nusu, wafugaji wakapunguziwa siku za kuleta, na baada ya wiki sita kiwanda kikaacha unga. Si kwa kuwa kuna aliyepima akakuta ubaya, hakuna aliyepima tena. Meneja aliwaita tena wanahabari, safari hii kwa tai ya bluu, akasema kiwanda kinawasikiliza wateja. Na pakiti mpya ikatoka. Juu yake, kwa herufi kubwa kuliko neno maziwa, paliandikwa: HAKUNA NYONGEZA.

Mama mkwe aliigeuza mkononi, akaisoma mbele, nyuma na chini, akaiweka mezani kwa ncha za vidole.

"Walipokuwa wanautia hawakuandika," akasema. "Walipoutoa ndiyo wamejua kuandika."

Karatasi mpya ya majibu ilibandikwa juu ya ile ya zamani. Asubuhi ya kwanza Redio alipokea simu ya kijana mmoja mpole, aliyesema amesoma pakiti na ana swali dogo: kama sasa nyongeza haipo, basi zamani ilikuwepo? Karatasi ilisema, "Ndugu mteja, sisi tunatazama mbele." Redio aliitazama karatasi. Alimtazama kaka mnene, aliyekuwa akimwashiria abonyeze spika.

"Ilikuwepo," akasema. "Karibu miezi sita. Ilipimwa mara moja na haikuonekana kwenye maziwa. Aliyeomba ipimwe kila mwezi alikataliwa. Unataka kuuliza kingine?"

Kijana alikuwa na vingine vinne. Alijibiwa viwili, na kwa viwili akaambiwa "sijui". Alishukuru sana, akamsimulia mwenzake, mwenzake akawaandikia wengine, na kabla ya chakula cha mchana meneja alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha meza tatu, bila tai yoyote. Hakutaka kufanyiwa sauti ya mtu.

Hawakumfukuza, maana kumfukuza kungezua swali jingine. Walimteremsha kwenye ukumbi wa kufungashia, asimame kando ya mashine na kutoa pakiti zilizopinda. Kelele za pale ni kubwa mno, hata kama ungekuwa na kipaji cha kuiga dunia nzima, hakuna ambaye angekusikia. Dada wa kucha alirithi meza yake. Mpimaji alimpungia mkono kupitia kioo, siku ya kwanza na kila siku baada ya hiyo.

"Kazi mpya ikoje?" mama mkwe alimuuliza mwisho wa juma, wakiwa wameketi jikoni wakichambua mchele.

"Nasimama tangu asubuhi, mama. Pakiti elfu kumi zinapita, na zote zinaniambia neno lilelile."

"Neno gani?"

"Hakuna."

Mama mkwe akacheka. Alicheka mpaka akavua miwani, mchele ukamwagika kutoka kwenye sinia, na Redio, ambaye katika miezi kumi hakuwahi kumsikia akicheka, hakuthubutu hata kukikariri kicheko hicho ili akiige.